Njaa ya wiki mbili za kwanza za kuhesabu kalori

Anayekata kalori 1,000 kwa siku kwa mpigo mmoja hana sababu ya kujilaumu akishindwa siku ya nne. Hajakosa moyo, amekosea hesabu. Njaa kidogo kabla ya mlo humpata kila anayepunguza uzito, na hakuna mbinu ya kuifuta kabisa. Lakini njaa ya kukuamsha usiku, au ya kukufanya usome ujumbe mmoja mara tatu bila kuuelewa, ina chanzo chake. Mara nyingi chanzo kiko kwenye kiwango ulichojipangia, kwenye sahani, au kwenye saa.

Kiwango kwanza

Kukadiria kalori ambazo mwili wako unatumia, fomula ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990 inatosha kuanzia. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10, ongeza urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25, toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5, mwanamke atoe 161. Mwanamke wa miaka 35 mwenye kilo 80 na urefu wa sentimita 162 anapata karibu 1,477. Hizo ni kalori ambazo mwili unatumia ukiwa umetulia tu. Kwa anayekaa kazini kutwa na kutembea kidogo, zidisha kwa 1.4: anatumia takriban 2,067 kwa siku.

Sasa tazama kinachotokea akifungua programu ya simu na kuchagua "kilo moja kwa wiki". Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo inabidi apunguze 1,100 kila siku. Anabaki na 967. Hakuna maji ya kunywa wala mboga ya kutafuna itakayomfanya aishi vizuri na 967. Kwake yeye, 1,650 ni kiwango cha busara, na hata hapo asifike siku ya kwanza: wiki ya kwanza apunguze 200 tu, wiki ya pili afikie 400.

Kuna pia njaa inayoletwa na kuandika vibaya, na hii haisemwi sana. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360. Ukiupika unanyonya maji na kuwa karibu gramu 300, hivyo gramu 100 za wali ulioiva zina kama 130 tu. Anayepima wali ulioiva kisha akachagua "mchele mkavu" kwenye orodha ameandika 360 huku amekula 130. Akirudia mchana na jioni, amejinyima kalori zaidi ya 450 bila kujua, na anashangaa mbona wenzake wanavumilia. Mambo ni hayohayo kwa tambi, maharage na dengu. Amua moja, kupima vikavu au vilivyoiva, uandike hivyohivyo.

Saa ya tumbo

Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa huko Japani walitangaza kuigundua ghrelini, homoni inayotolewa zaidi na tumbo na inayoamsha njaa. Kwa anayeanza, jambo la kujua ni kwamba hupanda karibu na saa ambazo mwili umezoea kulishwa, kisha hushuka. Kama kwa miaka umekuwa ukila kitu saa nne asubuhi, saa nne tumbo litaunguruma hata kama ulikunywa chai nzito saa mbili. Wimbi hilo hupungua lenyewe hata usipokula.

Kwa hiyo usibadilishe kiasi na saa kwa wakati mmoja. Wiki mbili za kwanza kula saa zilezile ulizozoea, punguza kilichomo kwenye sahani tu. Wanaotaka kuacha kifungua kinywa wangoje wiki ya tatu au ya nne, na hata hapo wakisogeze nusu saa kila siku mbili badala ya kukifuta ghafla.

Wengine hujinyima mchana kutwa ili "wabakishe" kalori za jioni. Asubuhi, ukiwa umeshiba, ni rahisi kuamua kwamba utavumilia hadi usiku. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa wote wawili ni wewe. Kwa kiwango cha 1,650 mgawanyo unaofanya kazi ni milo mitatu ya kalori 450, na 300 za akiba. Akiba usiitawanye kwa vionjo vya hapa na pale. Iweke kwenye saa inayokushinda kila siku, iwe saa kumi alasiri au saa tatu usiku, na uile kama mlo, umekaa, kwenye sahani.

Sahani inayoshibisha

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi cha kalori 240, kuona kipi kinashibisha zaidi ndani ya saa mbili. Mkate mweupe uliwekwa kuwa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323, vikiongoza vyote. Samaki alipata 225, uji wa oti 209, machungwa 202, mayai 150. Keki ilipata 65. Watu wengi wakianza kupunguza uzito hukimbia viazi kwanza, na hilo ni kosa la bei kubwa. Kinachoharibu kiazi ni mafuta ya kukaangia.

Vinavyoshibisha vina mambo matatu kwa pamoja: uzito mkubwa kwa kalori chache, protini, na nyuzinyuzi. Ukuta wa tumbo una neva zinazohisi kutanuka, na hizo hazijui kalori, zinajua ujazo tu. Chukua gramu 250 za viazi vya kuchemsha, gramu 100 za kidari cha kuku kilichoiva bila ngozi, gramu 200 za kabichi na karoti, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Jumla ni kama kalori 480, na sahani ina zaidi ya nusu kilo ya chakula. Gramu 100 za biskuti za siagi zina karibu kalori hizohizo, nazo huisha kabla chai haijapoa.

Protini ndiyo ya kupangwa kwanza. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Kama uzito umezidi sana, piga hesabu kwa uzito unaoulenga. Kwa wengi ni gramu 25 hadi 35 kwa mlo. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai mawili peke yake hayatoshi asubuhi. Ongeza gramu 150 za mtindi mzito usio na mafuta, ambao una kama 15. Maharage yaliyoiva yana karibu gramu 9 kwa kila gramu 100, na nyuzinyuzi juu yake. Ukila protini nyingi usiku tu, hujausaidia mchana.

Nyuzinyuzi ziongeze polepole. Aliyezoea gramu 12 kwa siku akiruka hadi 35 kwa usiku mmoja atajaa gesi, tumbo litauma, na ataamini kwamba chakula chenye afya hakimpendi. Ongeza gramu 5 kila baada ya siku tatu nne hadi ufike 25 au 30, na maji yaongezeke pamoja nazo, la sivyo utafunga choo.

Mafuta ndiyo yanayokula bajeti kimyakimya. Gramu moja ni kalori 9, wakati wanga na protini ni 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kama kalori 120, na anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa humwaga vitatu bila kuona: 360, karibu mlo mzima. Pima kwa kijiko. Ila usiyafute yote. Mlo mkavu kabisa haufurahishi, na vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili zifyonzwe. Kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mlo vinatosha.

Supu nayo isidharauliwe. Maji yakiwa ndani ya chakula, yamepikwa na mboga na nyama, hushibisha kuliko maji yaleyale yakinywewa pembeni. Bakuli la supu nyepesi ya mboga, kalori 80 hadi 100, dakika kumi na tano kabla ya mlo mkuu, hukufanya usitamani kuongeza sahani ya pili. Soda ni kinyume chake: mililita 330 zina karibu kalori 140 na tumbo halizihesabu. Kadhalika chai. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vya sukari ni kalori 144 kwa siku. Toa nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea.

Njaa ikikushika kati ya milo

Kwanza jiulize kama ungekula viazi viwili vya kuchemsha, vitupu. Ukisema ndiyo, ni njaa. Ukisema "hapana, nataka chokoleti", huo ni uchu, na uchu hautulizwi kwa karoti. Unapita ukibadilisha chumba, ukipiga simu, ukipiga mswaki. Kama kila usiku uchu ni wa kitu kilekile, kiingize kwenye zile 300 za akiba, kimepimwa, badala ya kupigana nacho hadi Ijumaa na kula pakiti nzima.

Ikiwa ni njaa, kunywa maji mililita 300 hadi 500 au chai isiyo na sukari, subiri dakika ishirini, tembea kumi kati ya hizo. Ikibaki, kula: yai la kuchemsha (kalori 75), chungwa (60 hadi 70), au gramu 150 za karoti (60). Karanga ni nzuri lakini si kwa kuchota na kiganja. Gramu 30 ni karibu kalori 175, na kiganja cha mwenye njaa kina zaidi ya hapo.

Mlo wenyewe uchukue dakika ishirini. Ishara za shibe kutoka kwenye utumbo huchelewa, na anayemaliza kwa dakika sita huinuka bado anadhani ana njaa.

Vinavyofanana na njaa, na vinavyoichochea

Kichwa kuuma siku ya pili hadi ya nne mara nyingi si njaa. Ukipunguza wanga, mwili hutoa maji na chumvi, na kama umepunguza kahawa pia, kichwa hugonga kwa sababu hiyo. Maji, supu yenye chumvi kiasi, na kikombe chako cha kahawa bila sukari hutuliza, isipokuwa kama daktari amekukataza chumvi.

Maji hayohayo ndiyo hudanganya kwenye mizani. Kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na kama gramu 3 za maji. Wiki ya kwanza unaweza kushuka kilo mbili, wiki ya pili gramu 400, ukadhani mambo yamekwama, ukakata zaidi. Hapo ndipo njaa kali huanza. Usiguse kiwango chako kabla ya wiki tatu kwa sababu ya mizani.

Usingizi unahesabika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, vijana 12 wenye afya walilala saa nne tu kwa usiku mbili. Leptini, homoni ya shibe, ilishuka asilimia 18, na ghrelini ikapanda 28. Wiki ambayo hulali, usiifanye ya kuanzia. Wala usianze mazoezi makali wiki hiyohiyo. Kutembea dakika thelathini kunatosha, na kalori ambazo saa ya mkononi inadai umechoma usizile zote. Mara nyingi hutia chumvi. Wanawake wengi pia huona njaa ikiongezeka siku chache kabla ya hedhi. Ongeza kalori 100 hadi 200 siku hizo kwa mpango, na uandike.

Ukilala na njaa, ukihisi baridi, ukikasirika ovyo kwa siku nne au tano mfululizo, ongeza kalori 150 kwa siku, nyingi zikiwa protini na mboga. Fanya hivyohivyo kama baada ya wiki ya tatu unapoteza zaidi ya asilimia moja ya uzito wako kwa wiki.

Kuna njaa isiyovumiliwa hata kidogo. Anayetumia insulini, au dawa za kisukari kama glibenclamide na gliclazide, akianza kutetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio, apime sukari mara moja. Ikiwa chini ya 4 mmol/L (70 mg/dL), ale gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu hadi vinne vya chai, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama haijapanda. Kama hana kipimo karibu, ale sukari kwanza. Huyu amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kushushwa. Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, na aliyewahi kuugua matatizo ya kula, wasianze mlo huu bila mtaalamu.

Siku utakayozidisha

Itakuwepo. Tuseme yule wa 1,650 amekula 2,650 Jumamosi. Upungufu wake wa wiki ulikuwa takriban 2,900. Sasa ni 1,900. Wiki bado iko upande wake. Kinachoiharibu ni Jumapili ya kujiadhibu kwa kalori 800, maana jioni yake njaa itamrudisha palepale. Jumapili kifungua kinywa kiwe kilekile, saa ileile, na kalori 1,650.