Rafiki yangu au rafiki wangu?

SWALI: Mwalimu habari yako, mi ni mtu wa boda hapa Arua, juzi tukiwa steji mwenzangu kanicheka eti nimekosea kusema "rafiki yangu", anadai rafiki ni mtu kwa hiyo lazima iwe "rafiki wangu" kama "mtoto wangu", tukabishana mpaka abiria akapanda boda ya mwingine. Nani yuko sawa?

JIBU: Pole ya abiria ndugu yangu, ila uko sawa. Mwenzako kashika nusu ya kanuni. Kweli tunasema rafiki amekuja, rafiki mzuri, lakini ikifika kwenye kumiliki, maneno mengi ya udugu na urafiki kama rafiki, ndugu, baba, dada yanachukua yangu, wakiwa wengi zangu. Mwambie ajaribu "mama wangu" tuone kama hatajicheka mwenyewe! Mnyama sasa ndo anachukua wangu, mbwa wangu, ng'ombe wangu, na hapo sisi wa Uganda tunaanguka sana, "mbwa yangu iko kali" naisikia kila siku, hata mi nilikuwa nasema hivyo zamani. "Ng'ombe zangu" je? Hiyo utaisikia hata kwa waswahili wa pwani, mi sigombani nayo.