Maswali na Majibu: Nyumba ya Rais wa Chuo

Makala yangu kuhusu nyumba ya rais wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, imeleta maswali kibao. Nimechukua machache. Yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja.

Rais wa Marekani huwa analala hapo akienda Michigan? (Tabora, na wengine wengi mno)

Hapana. Anayekaa humo ni mkuu wa chuo, yule ambaye huku kwetu angekuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nililieleza hilo kwenye aya ya kwanza kabisa. Someni kwanza jamani, ndipo muulize.

Ni kweli ndilo jengo kongwe kuliko yote chuoni? (Morogoro)

Kweli. Lilijengwa 1840, miaka mitatu baada ya chuo kuhamia Ann Arbor. Zilikuwa nyumba nne za maprofesa, mbili upande wa kaskazini na mbili kusini, za matofali yaliyopigwa lipu na kuchorwa mistari ili yaonekane kama mawe. Moja iligeuzwa hospitali ya chuo 1869. Leo zile tatu hazipo tena.

Hii ya nne haikupona kwa sababu ilijengwa vizuri zaidi. Ilipona kwa sababu rais wa kwanza, Henry Tappan, aliyefika 1852, aliishi humo, na wakubwa waliomfuata wakaona ndiyo ya kwao. Nyumba yenye mkubwa ndani ina mtu wa kupiga kelele dari likivuja. Wenzake zilibadilishiwa kazi kila mara, na jengo la aina hiyo kila idara huliona ni la idara nyingine.

Nimesikia kuna rais aligoma kuhamia kisa choo. Si madeko hayo? (Kisumu)

Ni James Angell, 1871, na hayakuwa madeko hata kidogo. Alikuwa anatoka Vermont na familia yake, akakagua nyumba, akasema itengenezwe na kiwekwe choo cha ndani, la sivyo hahamii. Kikawekwa. Urais aliuacha 1909, lakini aliendelea kuishi humo hadi alipofariki 1916. Huyo ndiye mpangaji ninayempenda mimi: alidai mapema, kisha akaitunza.

Nyinyi mnaopewa nyumba za kazi mnafanya kinyume. Mnapokea ufunguo kwa furaha, mnapiga picha sebuleni, halafu mvua za masika zikianza mnaandika barua ambayo hakuna wa kuisoma. Kabla ya kusaini chochote, fungua mabomba yote kwa wakati mmoja uone presha. Panda darini na tochi utafute madoa ya maji kwenye mbao, hasa pale paa linapokutana na ukuta. Bonyeza mbao za chini ya madirisha kwa kidole gumba. Kikizama, mbao imeoza, hata kama rangi ni ya jana. Yote yaandikwe, na anayekukabidhi atie saini.

Mbona picha za zamani zinaonyesha nyumba ndogo kuliko ya sasa? (Tanga)

Kwa sababu kila mkubwa hupenda kuongeza. Miaka ya 1860 iliongezwa ghorofa ya tatu. Marion Burton alipoingia 1920 ukaja ukumbi wa kuota jua na baraza la kulalia. Alexander Ruthven naye akapata chumba cha kusomea nyuma ya nyumba, na enzi zake wanafunzi walikuwa wakialikwa humo kunywa chai.

Kati ya Angell na Burton kuna Harry Hutchins, aliyeendelea kuishi kwenye nyumba yake binafsi. Ile ya chuo ikakosa mwenyewe, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia ikatumiwa na Msalaba Mwekundu. Burton alipokuja, kazi ilikuwa kubwa.

Hapa ndipo ugomvi wangu wa siku zote ulipo. Chumba kipya kina utepe wa kukata na picha ya ukumbusho. Kuzibua mfereji wa maji ya mvua hakuna utepe. Halafu kila nyongeza huleta maungio, na maji hupenda kupenya kwenye maungio. Tangu 1990 wataalamu wa majengo Marekani wanashauri kutenga kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kwa matengenezo tu. Muulizeni mhasibu wa taasisi yenu fungu hilo liko wapi. Mtaambiwa limekwenda kwenye semina.

Rais analipa kodi ya pango? (Nairobi)

Kwa kawaida halipi, maana kukaa humo ni sharti la kazi yake. Sehemu ya nyumba ni ya karamu na wageni wa chuo.

Kwa nini vyuo visiuze haya majumba vikanunua vitabu? (Arusha)

Swali zuri, ila aliyeuliza anadhani kuuza ni rahisi. Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilinunua nyumba ya mkuu wake pale La Jolla 1967, ya matofali ya udongo, juu ya jabali linalotazama bahari. Mwaka 1976 ikachimbuliwa mifupa ya watu wa zaidi ya miaka 9,000 iliyopita. Kumbe ni makaburi, na watu wa Kumeyaay, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wanasema hao ni wahenga wao. Mwaka 2004 nyumba ikafungwa kwa ubovu. Kuibomoa ikawa kesi, kuitengeneza ikawa kesi, na mtu hakuhamia tena hadi 2014. Blake House, jumba la rais wa mfumo mzima wa vyuo vya California, nalo lilibaki bila rais ndani tangu 2008, na chuo kikampangia mkuu wake nyumba ya mtu. Gharama ya kuahirisha ndiyo hiyo: unalipa pango huku nyumba yako inaoza.

Wanafunzi hawaingii uani? (Bukoba)

Chuo Kikuu cha Princeton waliingia. Mashabiki wa mpira wa Kimarekani walikanyaga bustani ya Prospect House, nyumba ya rais wa chuo enzi hizo, na 1904 Woodrow Wilson, aliyekuwa rais wa chuo wakati huo, akazungusha uzio wa chuma.

Lipu ya nyumba yetu ya zamani ya chokaa inamenyuka, fundi anasema tupige saruji. (Unguja)

Mfukuze. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe na chokaa, na Mji Mkongwe umejaa kuta zilizoharibiwa hivyo. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi, acha ukuta ukauke, kisha piga chokaa.