Kabla ya kuchora ramani ya udongo, uliza shamba lilikuwa la nini

Watu wakitaka kuchora ramani ya madini madogo ya udongo (zinki, shaba, chuma na mengine ambayo mmea unahitaji kidogo tu) wanakimbilia programu ya simu, mi nawarudisha nyuma: tembea kwanza na mwenye eneo, muulize hapa walilima nini, walipiga dawa gani, ng'ombe walilala wapi. Huku Kilimanjaro unakuta kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha migomba na kahawa, pembeni majani ya ng'ombe, ukishuka tambarare mahindi matupu, udongo mwingi ni wa volkano lakini zinki na shaba zinapishana vibaya mno. Kahawa ya wazee imepigwa mrututu, dawa yenye shaba, miaka na miaka kwa ajili ya chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, na shaba haiozi, inabaki palepale juu. Ukichanganya udongo huo na wa mahindi kwenye mfuko mmoja unapata namba ambayo haipo shamba lolote!

Kwa hiyo kila matumizi ya shamba yawe na kundi lake la sampuli. Ndani ya kundi tembea zigizaga, chota sehemu kama 15, kina sentimita 20, changanya ubakize nusu kilo, ruka zizi la zamani, kichuguu na palipochomwa taka.

Halafu ndoo jamani. Ndoo ya bati imepakwa zinki, ukichanganyia humo umeshaongeza zinki mwenyewe, na jembe lenye kutu linaingiza chuma. Chukua ndoo ya plastiki na koleo ya stenlesi, anika kivulini. Na maabara waambie mapema unataka madini madogo, maana kipimo cha kawaida mara nyingi kinaishia pH (kipimo cha uchachu wa udongo), naitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Ipo pia ramani ya bure ya mtandaoni ya iSDAsoil, iliyokadiriwa kwa msaada wa setilaiti, Afrika karibu yote kwa vipande vya mita 30, zinki na chuma zimo. Kupanga pa kuanzia ni nzuri, ila kihamba cha nusu eka ni vipande viwili hivi tu, na setilaiti haijui babu alipiga mrututu.

Zinki ikisoma chini kule tambarare usikimbilie duka la pembejeo, cheki pH, ikivuka 7 zinki inaweza kuwepo ila mmea hauipati, na ukimwaga mbolea ya DAP nyingi, fosforasi yake ndo unazidi kuibana. Kisha nenda kwenye mahindi machanga, tafuta mchirizi mpana mweupe kila upande wa mshipa wa kati, kuanzia chini jani linaposhika shina. Usipouona, peleka majani nayo yakapimwe kabla hujanunua zinki salfeti.