Presha ya mzee inapopanda ghafla ilhali dawa anakunywa

Mkuu, pole na kuuguza. Umesema bi mkubwa ana miaka 71, yuko Tabata, anakunywa amlodipini asubuhi na losatani jioni, na kwa muda mrefu presha ilikuwa inacheza kwenye 130 na kitu. Wiki hii usiku mashine inasoma 190 kwa 95, na unauliza umwongezee kidonge kingine cha losatani au umbadilishie dawa kabisa. Mimi si daktari, ila namtunza baba mwenye presha huku Mbagala miaka mingi sasa. Kwa niliyoyaona, usiongeze chochote kabla hujajua nini kimeipandisha. Dawa iliyokuwa inafanya kazi vizuri haiachi kufanya kazi Jumanne usiku bila sababu.

Anza na mkoba wake. Muulize anakunywa nini kingine, na usitumie neno "dawa za presha", maana atakujibu hizo mbili tu. Baba presha yake ilipoanza kuruka, kliniki walimwongezea dozi, ikatulia kidogo, ikaruka tena. Siku moja nesi mmoja mtu mzima, badala ya kumuuliza kuhusu presha, akamuuliza, "Babu, magoti siku hizi yanakusumbua?" Mzee akafurahi kweli kuulizwa, akachomoa kwenye mfuko wa kanzu karatasi ya diklofenaki. Alikuwa ananunua duka la dawa hapo mtaani kila magoti yakimkaza, na kwake hiyo haikuwa dawa, ilikuwa "kidonge cha maumivu tu".

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote hufanya mwili ushike chumvi na maji, na hubana damu inayokwenda kwenye figo. Losatani inavuta huku, zenyewe zinavuta kule. Kama mzee anakunywa na dawa ya kukojoza juu yake, figo ndizo zinazoumia zaidi. Na hata sindano ya maumivu ya zahanati mara nyingi ni diklofenaki hiyo hiyo. Baba alihamishiwa panadoli na dawa ya kuchua, na presha ikarudi ilipokuwa bila kidonge kipya hata kimoja.

Angalia pia dawa za mafua. Zile za kuzibua pua, zenye pseudoefedrini au fenilefrini, hubana mishipa ya damu. Prednisoloni na deksamethasoni wanazopewa watu kwa pumu na mzio nazo hupandisha. Na vile vidonge vinavyotoa povu kwenye glasi ya maji, hata kama ni vya vitamini, vingi vimejaa sodiamu, yaani ile ile iliyomo kwenye chumvi.

Kwenye chumvi sisi watu wa Pwani tunajidanganya sana. Mama atakuapia kwamba mchuzi hautii chumvi, lakini maharage yameivishwa kwa magadi, mchicha una kiungo cha unga cha dukani, na pembeni pana kipande cha ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, na achari ya embe. Magadi nayo yana sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo wamehesabu kila kilichojificha kwenye chakula.

Halafu dozi zenyewe. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo akiruka siku moja huenda usione kitu. Dawa kama atenololi, propranololi na klonidini ni habari nyingine: ukizikatisha ghafla, presha inaweza kurudi juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Chunguza kama kliniki walikosa dawa wakampa ya aina nyingine, au kama anafunga na saa zake zimehama kwenda futari na daku. Na kama kuna vidonge vya kutoa dawa polepole, hakikisha dada wa nyumbani havitwangi ili mama ameze kirahisi. Vikitwangwa, dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja.

Kipimo chako nacho sikiamini bado, unisamehe. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, awe amekwenda haja ndogo, atulie dakika 5 bila maongezi. Pima, subiri dakika 1, pima tena. Ukimpima akiwa ametoka kuamka na mkojo umembana, huku wajukuu wamesimama kitandani wanauliza "bibi ngapi?", hiyo 190 ni ya mkojo na ya wajukuu.

Kwa wazee namba ya juu huruka kirahisi kwa sababu mishipa imekakamaa, kama mpira wa kumwagilia maua uliokaushwa na jua: msukumo kidogo tu wa ziada, namba inapaa. Maumivu, kukosa usingizi, hata ugomvi wa simu na mdogo wako vinatosha. Ndiyo maana mpime pia akiwa amesimama, baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Ikishuka kwa 20 au zaidi namba ya juu, halafu wewe unamwongezea vidonge vya usiku, utakuja kumwokota chooni alfajiri na nyonga imevunjika.

Kuna mtu hapa jukwaani amekushauri umwekee nifedipini, dawa nyingine ya presha, chini ya ulimi. Hapana. Huo ni mtindo wa zamani ulioachwa kwa sababu hushusha presha kwa kasi isiyotabirika, na ubongo wa mzee uliozoea presha ya juu unaweza kukosa damu. Watu wamepata kiharusi kwa "kutibiwa" hivyo.

Kama namba ya juu imezidi 180 au ya chini imezidi 120, lakini mama hana dalili yoyote, mpumzishe, rudia kipimo, na ikibaki huko juu mpigie daktari wake siku hiyo hiyo. Ila ukiona mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea, maneno hayaeleweki, kifua kinabana, pumzi inakata, macho hayaoni vizuri, amechanganyikiwa, au kichwa kinauma ajabu, usipime mara ya tatu. Tafuta gari, nendeni hospitali, Amana au Muhimbili, na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile za magoti.

Kuhusu kitunguu saumu na choya ulivyouliza mwishoni: vyote viwili vinaweza kushusha kidogo, na kwenye chakula havina neno. Choya asitie sukari kama ana kisukari, na kama anakunywa aspirini au wafarini, zile za kuzuia damu isigande, mwambie daktari kabla hajaanza kumeza vitunguu saumu vizima kila asubuhi.