Re: Kuna fomu ya kujiunga na Recce moja kwa moja?

Mdogo wangu, huyo jamaa wa hapo Nakuru anayekudai pesa ya fomu ya Recce usimpe hata shilingi. Fomu hiyo haipo! Recce ni kikosi cha makomando ndani ya GSU, na GSU ni tawi la polisi wa Kenya. Unaingia kwanza kama kurutu, unahitimu, ndipo huko ndani wachujwe wachache. Jeshini ni vivyo hivyo: makomando hutolewa miongoni mwa wanajeshi walioiva tayari.

Usajili wa KDF, yaani jeshi la Kenya, ni bure. Kwa makurutu wa kawaida huwa wanataka miaka 18 hadi 26, D ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne) na kimo cha futi 5 na inchi 3. Mimi nimewahi kusimama kwenye ile foleni uwanjani, kaptura tu mwilini. Unapanua mdomo meno yakaguliwe, unageuza nyayo zitazamwe, halafu mbio. Kama una jino bovu, litibiwe mapema.

Na ongea na mama kwanza. Hawa wa Recce ndio walioingia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 kuwakabili magaidi, watu 148 wakiwa wameuawa. Kazi kama hiyo hutamsimulia mtu nyumbani.