Zombie wa Wimbo Ule ni Nani?

Swali: Ndugu Mhariri, mdogo wangu hupiga kila jioni wimbo wa roki uitwao “Zombie”, wa kundi la The Cranberries. Shemeji yetu ameamuru ufutwe kwenye simu, akidai kwamba unaita mizimu. Kiingereza chake kinanipita. Je, unasema nini? – Msomaji, Arua

Jibu: Ndugu msomaji, shemeji amesikia kiitikio bila kusikia beti, na sisi tuliocheza nyimbo za Kilingala miaka nenda miaka rudi pasipo kujua zinasema nini hatuna haki ya kumcheka.

Wimbo huo wa mwaka 1994 ulitungwa na mwimbaji wa kundi hilo, Dolores O'Riordan, mzaliwa wa Ayalandi. Kilichomsukuma ni mabomu mawili ambayo IRA, kundi lenye silaha lililotaka kuung'oa utawala wa Uingereza katika Ayalandi ya Kaskazini, liliyatega ndani ya mapipa ya taka kwenye mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza, tarehe 20 Machi 1993, yakaua watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mwingine wa miaka 12. Mwaka 1916 unaotajwa katika ubeti wa pili ni ule wa maasi ya Pasaka mjini Dublin dhidi ya Waingereza. Mtunzi analalamika kwamba tangu siku hizo hadithi ni ile ile.

Basi zombie ni nani? Katika masimulizi ya Haiti, zombie ni maiti aliyeinuliwa ili atumikishwe, asiye na hiari. Fela Kuti wa Nigeria alikwisha kulitumia jina hilo mwaka 1976 kuwakejeli wanajeshi wanaotii kila amri. O'Riordan hamtaji mtu yeyote, ila anarudia tena na tena kwamba vifaru na mabomu vimo “kichwani mwako”. Mimi naelewa kwamba anamsema yule aliyerithi ugomvi asiouanzisha, ukamtawala hata akaua bila kujiuliza. Wengine humwona zombie kuwa jamii nzima iliyozoea vifo, na maneno ya wimbo hayawakatazi.

Kama shemeji bado ana shaka, msomee ubeti wa kwanza, kabla gitaa halijaanza kunguruma tena: unaanza na kichwa kilichoinama na mtoto anayechukuliwa polepole.