Kura si kula: kwa mlioanza kazi ya habari

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma tena "wananchi wamejitokeza kwa wingi kupiga kula." Habari yenyewe nzuri, mashuhuda wamo, takwimu zimo. Lakini msikilizaji akishacheka, takwimu hazisikii tena. Haya, tuanze.

1. R na L. Lugha nyingi za nyumbani kwetu hazitofautishi sauti hizi, kwa hiyo sikio halikuonyi. Kompyuta nayo haikuonyi, maana kura na kula yote ni maneno halali, kama mahali na mahari, kalamu na karamu. Mpe mwenzako anayezitofautisha aipitie skripti.

2. Marehemu hakimbizwi hospitali! Anayekimbizwa ni majeruhi. Na manusura ni aliyepona. Nimeshakuta "manusura wazikwa" kwenye skripti inayokaribia kwenda hewani.

3. Mtuhumiwa bado anashukiwa, mshtakiwa ameshasomewa mashtaka, mfungwa ameshahukumiwa. Na mtu huachiwa kwa dhamana, si kwa thamani.

4. Saa. Hapa nakaa kidogo, maana kila mgeni huniambia hili analijua. Redio moja niliyowahi kufanyia kazi ililetewa tangazo la kifo, ratiba imechapwa kwa Kiingereza: maziko 10:00 a.m. Yaani saa nne asubuhi. Aliyetafsiri akaandika saa kumi. Mtangazaji, kwa kuwa hakuna anayezika saa kumi alfajiri, akaongeza "jioni". Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu saa kumi jioni ndiyo saa ambayo watu wengi huzika. Kaka wa marehemu alisikia tangazo akiwa mbali, akapiga hesabu ya basi, akafika saa tisa akijua amewahi. Alikuta kaburi limeshafunikwa, mashada juu. Kesho yake alikuja mapokezi. Hakugomba. Aliomba karatasi ya tangazo yenye muhuri, akawaonyeshe ndugu kwamba hakuchelewa kwa kupenda. Tangu hapo, tangazo lolote lenye saa nampigia simu aliyelileta na kumsomea.

5. Habari za mashirika ya nje: 1900 GMT ni saa nne usiku Afrika Mashariki. Ongeza saa tatu kwanza, ndipo uigeuze.

6. Abiria hukodi basi, mwenye basi hukodisha. Skripti ya ajali ya leo imeligeuza hilo. Aliyeiandika airudie kabla ya taarifa ya saa mbili.